Tiketi ya Mwana Tatu

Kibanda kimepakwa rangi ya samawati.
Ndani yake msichana, kucha ndefu, sauti ya adabu:
"Raia mia mbili, mkazi mia tano, mgeni elfu moja na mia mbili.
Hatupokei noti, mama. Lipia kwa simu."
Nikabonyeza namba, nikakosea, nikarudia.
Ujumbe ukaingia: Umelipa Mtongwe Urithi na Burudani.
Nikausoma mara mbili.
Urithi naujua.
Burudani ndiyo iliyonikwama kooni.

Zamani hapakuwa na lango.
Palikuwa na nguzo ya matumbawe, vichaka, siafu,
na bibi yangu Mwatime akinishika mkono:
"Vua viatu, mwanangu. Hapa twaingia kwa mtu."
Hakusema mahali. Alisema kwa mtu.
Nikavua. Changarawe zikaniuma, naye akachekea puani,
akafungua pindo la leso, akatoa ubani,
akatoa chupa ya marashi,
na haja yake hakuitaja kwa sauti.
Wasiojaaliwa mtoto, walioachwa bila talaka,
wenye waume bandarini na mshahara usiofika nyumbani,
wote walimjia Mwana Tatu
kama umwendeavyo jirani kuazima chumvi.

Leo nimevua tena, kwa mazoea.
"Vaa tu, mama," askari akaniambia, "kuna vigae."
Vigae kweli. Vyeupe, vya bafuni.
Nikasimama juu yake, viatu mkononi,
kama mtu aliyefika harusini siku ya pili.

Kiongozi wa wageni anaitwa Shekue. Fulana ya manjano.
Anawaambia kumi na wawili walioshushwa na basi la hoteli
kwamba Mwana Tatu alikuwa malkia,
ana walinzi mia moja na chui wa kufugwa,
na kwamba alikufa kwa mapenzi.
Chui!
Bibi alisema alikuwa mfinyanzi,
mguu wa kushoto mfupi, ulimi mrefu,
aliyewapa maji watu wa pande mbili zilizopigana,
na kila upande ukamtukana kwa ajili ya ule mwingine.
Nikafungua mdomo.
Nikaona viatu vya Shekue, vimeshonwa kwa uzi wa nyavu.
Huenda yule chui analipa karo ya mtu.
Nikaufunga.

Nikapiga magoti penye ufa wa nguzo.
Kibao: USIGUSE. Kibao kingine: MARUFUKU MOTO.
Ubani wangu basi hautafuka.
Nikaumega kwa ukucha, nikausukuma ndani ya jiwe
punje kwa punje, kama anayemlisha mgonjwa,
nikaanza Fatiha.
Sijafika katikati, nikasikia kamera nyuma yangu,
moja, kisha nyingi,
kama mvua inayoonja mabati.
Na sauti ya Shekue, ya chini, karibu iwe ya heshima:
"Na hapa, mabibi na mabwana, mnaona wenyeji bado wanaamini."

Sikugeuka. Aya ilinipotea,
aya niliyoijua kabla ya kujua kuhesabu.
Mimi, mwalimu mstaafu wa hisabati,
ndiye chui wake mpya.

Langoni akanikimbilia,
noti ya mia imekunjwa hadi ikawa kama hirizi.
"Umetusaidia leo, mama. Wamefurahi mno.
Ijumaa kuna kundi kubwa zaidi."
Hakuwa na kejeli. Ana macho mazuri, kijana yule.
Nikapiga hesabu, maana siwezi kuacha kuipiga:
mia mbili kuingia, mia moja kutoka.
Mwana Tatu amenitoza nusu bei.

Noti sikuirudisha.
Likoni, kabla ya feri, nikanunua marashi,
chupa ndogo, shilingi mia na ishirini.
Ishirini nikaongeza yangu.
Imo mkobani, imefungwa kwenye risiti.
Ijumaa huenda nikaenda.
Sijui bado kama ni kuomba
au ni kazini.